Papa, Wamepima Reli Hadi Jikoni kwa Mama

Papa,

Najua huko uliko hakuna anayepeleka barua, lakini habari hii nikikaa nayo peke yangu itanipasua kifua. Wamekuja kupima reli. Si Kindu, Papa, wala si Kalemie. Ni hapa hapa Goma, Mapendo, kwenye avenyu yetu, na kigingi chao kimoja wamekipigilia jikoni kwa Mama, kando ya mafiga.

Ngoja nikusimulie vizuri, maana nikianza na kigingi utaniuliza maswali mia.

Ilikuwa asubuhi, Mama akiwa jikoni. Vijana waliovaa makoti ya rangi ya chungwa walisimamisha barabarani mashine yenye miguu mitatu, mmoja akafunga jicho moja na kuchungulia ndani yake kuelekea upande wa mlima. Watu wa mahali pengine wangeuliza wanapima nini. Sisi wa Goma unatujua, hatuulizi. Jirani yetu alipiga kelele kwamba volkano imeamka, na papo hapo magodoro yakaanza kutoka milangoni. Mama aliepua sufuria ya maharage ikiwa bado inachemka, akanitwika mimi. Yeye akabeba godoro na Kurani yako, tukafuata watu kwenye njia ya Sake. Tulifika mbali, Papa, mchuzi wa maharage ukinichuruzika shingoni. Ndipo chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, alipotufikia na pikipiki, akatuambia turudi, hakuna moto wowote, ni Leta, serikali yenyewe, inapima njia ya treni.

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mimi nami nilicheka. Mama hakucheka. Aliweka godoro kando ya barabara, akalikalia, akaniuliza kama nimesikia vizuri, ni treni kweli? Nikamwambia ndiyo, treni. Tuliporudi nyumbani tukakikuta kile kigingi kando ya mafiga.

Wewe unajua zaidi yangu mlivyokuwa mkitaniana juu ya jambo hilo. Yeye mtoto wa Rutshuru, binti wa mashamba ya viazi, hajawahi kuona treni hata moja. Wewe mtoto wa Kindu, uliyefunga mabehewa kituoni mpaka mshahara ukakatika, ukaja huku kutafuta maisha na kukuta mji mzima hauna hata kipande cha reli. Uliponunua parseli yetu, kiwanja hiki, hukuuliza maji yako wapi. Uliuliza ardhi inainama kiasi gani, kwa sababu treni haipendi vilima. Ndiyo maana Mapendo nzima walikuita Papa Treni. Na Mama alikuwa na neno lake moja, alilokuwa akilisema kila ulipoanza hadithi zako: "Treni ikuje huku kufanya nini? Kuchoma miguu kwa mawe ya volkano?" Ulicheka kuliko sisi wote.

Mimi sikuwahi kukucheka tangu siku ile uliyonipeleka Kindu. Tulipanda ndege ya mizigo, tukakaa juu ya magunia, nikatapika njia nzima. Kisha tukangoja treni, na hakuna aliyejua itafika lini. Wamama walikuwa wakipika sombe, majani ya muhogo, kando ya reli kana kwamba wamehamia pale. Mchana mmoja uliniita, ukaniambia niweke kiganja juu ya chuma. Kilikuwa kinatetemeka, na masikio yangu yalikuwa hayajasikia kitu. Niliogopa, nikakutazama, nikakuona umevua kofia.

Halafu ikaja. Kichwa chake kilikuwa kimeshasimama mbele yetu na mkia bado uko msituni. Watu juu ya paa, mbuzi, baiskeli, mahindi, mzee mmoja amekaa juu ya kitanda chake kana kwamba yuko kwake. Nilikuwa sijui kwamba binadamu wanaweza kutengeneza kitu cha namna ile kisha wakakisahau, wakaacha nyasi zimee juu yake. Nililia, Papa. Hukuniuliza ninalilia nini, ulinipa leso tu.

Tangu ulipotutoka mambo hayakusimama. Meza yako ya mchele pale sokoni Birere nimeichukua mimi, na wateja bado wananiuliza habari zako kana kwamba umesafiri. Mchele wa Kindu unafika kwa ndege kama mheshimiwa, ndiyo maana wengi wanautazama tu na kupita. Paa la nyumba lilianza kuvuja upande wa chumba chenu, tukaweka bati jipya. Mama amekonda kidogo ila ulimi wake uko vilevile.

Sasa nisikilize. Baada ya kupima, walituita kwenye mkutano Katindo, ndani ya ukumbi wa shule. Ukutani walikuwa wametundika ramani kubwa kuliko mlango. Mstari ulianzia Kindu, ukaingia msituni, ukavuka mito ambayo mimi nilikuwa nikiisikia tu kwa madereva wa malori, ukazunguka milima ya Masisi, ukashuka mpaka huku. Nilisimama mbele yake nikashindwa kuondoka, wa nyuma wakanisukuma. Vita bado viko vilimani, umeme unakuja unapotaka, njia ya Sake yenyewe inameza magurudumu, na bado kuna watu wamekaa mahali na kuchora madaraja, moja baada ya jingine, na kuandika pembeni kila moja litakuwa na urefu gani. Wengine ukumbini walikuwa wanaguna kwamba ni ndoto za Leta. Mimi nilitamani kuweka kiganja juu ya ule mstari, na ninasema ukweli wangu.

Injinia aliyetueleza alikuwa kijana mpole. Alisema Leta imeweka kwenye bajeti pesa ya kupima na kuchora tu. Pesa ya kujenga bado, itatafutwa, na haitatoka mfuko mmoja. Akasema njia ya kuingia mjini zimechorwa mbili. Moja inapita kando, juu ya mawe ya volkano, mahali pasipo na nyumba. Nyingine inakata Mapendo, nayo inapita juu ya kwetu. Akataka kila familia yenye kigingi iseme kama itakubali kuhama siku ikifika.

Papa, nyumba ile ndiyo yote aliyonayo Mama. Mliyavunja mawe yake kwa nyundo, wewe na yeye, kabla mimi sijazaliwa. Jirani zetu walikataa mmoja baada ya mwingine, na mimi niliona ni haki yao. Zamu yetu ilipofika nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme hatuhami, kumbe Mama ameshasimama.

Aliuliza swali moja tu. "Hii treni yenu itabeba watu, ao madini tu?"

Injinia alikuna kichwa. Hakumdanganya, namshukuru kwa hilo. Alimjibu kwamba kwanza ni mizigo, kwa sababu mizigo ndiyo inayolipa, na mabehewa ya abiria yatafuata kama pesa ikipatikana.

Mama akajifunga kitenge vizuri kiunoni. "Basi andika hivi, mutoto wangu. Kama ni ya madini peke yake, mupitishe kule kwenye mawe, hakuna mutu anaikala kule. Kama ni ya watu, mupitishe kwangu. Miye nitatoka."

Injinia akamwomba jina lake, naye akajibu kwamba ni Mama Salima, bibi ya Papa Treni, na hapo watu wakacheka, lakini kile kicheko hakikuwa cha kumdharau. Yule kijana aliandika kila neno. Alisema hawezi kuahidi kitu, ila ataufikisha ujumbe huo kwa wanaopanga. Sijui kama wanaopanga wana masikio. Najua tu kwamba nilimtazama mama yangu kana kwamba ndiyo kwanza ninajulishwa kwake.

Nilikasirika pia, usidhani sikukasirika. Njiani nilimuuliza tutalala wapi, na tangu lini amekuwa mtu wa treni, yeye aliyekucheka maisha yake yote. Alitembea kwanza. Kisha akasimama karibu na wauza mkaa, akanijibu bila kunitazama.

"Salima, unazani sikumusadiki papa yako? Nilimusadiki sana. Nilikuwa naogopa. Treni ikifika, ye ndiye angepanda wa kwanza. Angerudia kwao Kindu, aniache huku na mawe." Akapangusa uso. "Sasa haendi tena popote. Acha ikuje."

Papa, miaka yote ile. Kila alipokucheka alikuwa anakushika shati.

Nilikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia kwa sababu sikujua kwamba analihitaji. Nilimwambia kwamba siku tulipoondoka Kindu, wadogo zako walikuzunguka wakikusihi ubaki, shamba lipo, nyumba ya baba yenu ipo, watamleta na mke wako akitaka. Nilikuwa nimeshika mkono wako, nilisikia ulivyowajibu. Uliwaambia, "Nikibaki huku, nani atanicheka?"

Mama alijifunika uso kwa kitenge pale pale katikati ya wauza mkaa. Alicheka, akalia, akacheka tena, mpaka mwanamke mmoja akatuletea kigoda. Tulikaa muda mrefu. Alinilazimisha nilirudie neno lako, na sauti yako niiige vilevile ulivyolisema.

Lala salama, Papa, Mungu akupanulie nafasi huko. Wakijenga, au wakituachia kigingi tu kioze na mvua, mimi nimeshaamua. Nitampeleka Mama Kindu, kwa treni ikiwepo, kwa ndege ya magunia ikikosekana. Nitawaonyesha wadogo zako yule aliyekurudisha Goma.

Binti yako,
Salima