Kiti cha Mama wa Bibi Harusi

Eagan, Minnesota

Dada Adventina, shikamoo.

Theluji imekwisha huku, na gari langu limepona kikohozi chake. Jumamosi wenzangu wa kazini walinipeleka kutazama besiboli. Mengi sikuyaelewa, ila jambo moja limenikaa. Kuna mchezaji wanamwita pinch hitter: zamu ya mwenzake ya kupiga mpira ikifika, kocha humwingiza yeye apige badala yake. Nikauliza, "Na yule wa kwanza atarudi saa ngapi?" Wakaniambia harudi. Akishatoka ametoka, hata kama hakukosea lolote. Anakaa benchi na kushangilia mpaka mchezo uishe.

Dada, asante kwa kunitengea kiti cha mama kwenye send-off ya Kemilembe. Karatasi zangu zimetoka, tiketi nimekata, nakuja. Lakini juzi nilimpigia mtoto nikamuuliza siku hiyo atamlisha nani keki ya mama. Aliniomba nirudie swali. Kisha akasema, "Wewe, mama," kwa adabu ile ya kumjibu mgeni.

Nilimwacha kwako akiwa na miaka mitatu. Homa zake zote umezikeshea wewe. Basi kaa kwenye kiti chako, na usibishane nami mbele ya watu, unanijua.

Mimi niwekeni meza ya mama wadogo. Vigelegele vyangu mtavisikia.

Mdogo wako,
Verediana