Shimo Nililochimba Sitalifukia

Salama

Mama yangu mpendwa,

Mwaitu, pokea salamu za mikono yenye malengelenge. Natumaini mgongo wako umepoa, na kwamba mvua ya Matinyani imeangukia shamba lako pia, si la jirani peke yake. Sisi huku tunaendelea. Mjukuu wako Mutua anatembea tena, anaomba uji kila saa, na hiyo kelele yake namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Barua yako imenifikia. Unasema baba mkwe wangu ametuma mzee kwako kulalamika kwamba nimeharibu boma lake: nifukie shimo niombe msamaha, au nifunge nguo zangu nirudi kwenu. Nawe unaniambia, "Mwanangu, fukia, ndoa si mchezo." Mama, nisikilize kwanza, halafu unigombeze.

Kipindupindu kilipofika huku, soko lilifungwa, na mazishi yakawa ya watu wachache, bila chakula. Bwana afya akapita kila boma na baiskeli yake: chemsheni maji, naweni mikono, chimbeni choo. Watu walimcheka. Wengine walisema serikali inatafuta njia ya kutupeleleza. Baba mkwe hakucheka. Alichimbisha choo kizuri kuliko nyumba yangu, mabati juu, mlango wa mbao, na kufuli. Ufunguo akaufunga kiunoni. Bwana afya aliporudi akamuuliza, "Mzee, choo hiki hutumiwa na nani?" Akajibu, "Hiki? Hiki ni cha serikali."

Hata yeye mwenyewe haingii. Nasi hatufungulii, na sababu unaijua, kwa maana ni wewe uliyenifunza nthoni, ile heshima ya kuepukana: mke wa mwana na baba mkwe hukwepana hata njiani, sembuse kuingia choo kimoja. Basi boma zima, yeye upande wake na sisi upande wetu, tukaendelea na vichaka vya kule mteremkoni. Na mvua ikinyesha, Mama, ule uchafu wote unaenda wapi? Unashuka mtoni, kwenye vile visima tunavyochimba mchangani kuchota maji ya kunywa. Mimi nachemsha. Lakini mtoto mdogo akicheza huko, nani atamzuia asinywe kwa kiganja?

Mutua aliamka anaharisha. Jua lilipofika utosini macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Nilimbeba mgongoni hadi dispensari, wakamtia maji kwenye mshipa. Kando yake alilazwa mtoto wa Syombua, jirani yangu. Mimi nilirudi na wangu mgongoni. Syombua alirudi na leso tupu.

Ndiyo maana nikashika sululu. Nilianza kuchimba nyuma ya nyumba yangu, mbali na mto. Syombua akaja bila kuitwa, akashuka shimoni, mimi nikawa navuta udongo kwa karai. Sasa unajua baba mkwe hawezi kunigombeza uso kwa uso. Kwa hivyo aliwaambia mbuzi wake, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Nyinyi mbuzi, mmewahi kuona mwanamke akichimba shimo refu? Huyu anamchimbia nani kaburi?"

Nikamgeukia Mutua, aliyekuwa amekaa kivulini. "Mwanangu, waambie mbuzi wa babu hili ni la kuzuia kaburi."

"Mbuzi wangu, mume wake akirudi kutoka Mombasa atamkuta kwao!"

"Mutua, waambie, akirudi atakuta mtoto wake yuko hai. Hayo mengine tutaongea."

Syombua akacheka kule chini. Tangu amzike mtoto wake, sikuwa nimemsikia akicheka.

Shimo lilipokwisha mama mkwe alileta mzigo wa nyasi za kuezeka, akautua, akaenda zake. Choo kilipoezekwa, kesho yake nilimwona akitoka humo, anajifanya anatafuta kuku.

Mama, sijavunja nthoni. Choo cha baba mkwe kiko kwake, changu kiko kwangu, hakuna atakayemkuta mwenzake. Nimeitunza kuliko aliyeifungia kufuli. Heshima ya kumnywesha mtoto wangu uchafu siijui, na si hiyo uliyonifunza. Sifukii. Msamaha siombi. Wakinifukuza nitakuja, na sululu nitakuja nayo.

Na kwa vile tumeanza kuongea: mke wa kaka yangu huwa anaenda wapi? Choo cha baba hawezi kukisogelea, najua, na nikiwa msichana niliona ni sawa tu. Sasa ana mimba, na nasikia huko kwenu pia soko limefungwa. Usiniandikie jibu. Mwambie kaka achimbe shimo la pili, na akichoka, shika jembe wewe. Yule mzee aliyetumwa akirudi kuuliza umenionya vipi, mpeleke nyuma ya nyumba umwonyeshe hilo shimo.

Nisalimie baba, na nyanya anayetuombea kila alfajiri, mwambie asiache. Kaka mwambie udongo wa Matinyani ni laini kuliko wa huku. Na wifi yangu mkumbatie, umwambie hili nimeliandika kwa ajili yake.

Ni mimi binti yako, nimechoka lakini nimesimama,

Mwende, mama Mutua