Wazee Saba Niliowafanya Mia Mbili

Msamala,
Songea.
14 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Lidwina,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Ujerumani? Mgongo wa shemeji Aidan umepona, au baridi imeanza tena na anachota theluji kwa koleo ndipo mlango wa kanisa ufunguke? Na mpwa wangu Careen, anakula?

Sisi hatujambo. Mama yuko shambani Mpitimbi tangu Jumatatu, anasema miguu inauma ila jembe haliumwi. Mimi ni yule yule. Hakuna pikipiki inayoingia gereji yangu ikatoka inakohoa. Tumbo limeongezeka, watu wanaita kitambi, mimi naita heshima. Mtu aliyekula samaki wa Beira na kulala Lilongwe hawezi kukonda kama katekista.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ningefuta. Nina kosa. Ukimaliza kusoma nitukane kwa lugha yoyote, hata hicho Kijerumani.

Unajua kila Jumamosi baada ya sala jumuiya hunisimamisha niwasomee habari za utume wenu. Wewe uliniandikia kwamba kanisani wanakuja wazee saba, na mmoja wao hufuata joto tu. Mimi nikasoma mia mbili. Uliandika kwamba unashinda kwenye nyumba ya wazee ukiwakata kucha, maana watoto wao hawaji. Nikasoma kwamba Aidan ana vijana arobaini wa kipaimara. Nilikuwa nawatazama wale akina mama waliowasindikiza kwa ngoma hadi stendi, nikashindwa kuwapa wazee saba. Tena nisikufiche, walikuwa wananipigia makofi.

Basi mwezi wa tisa akasimama Alfonsi, katekista jirani yetu, na mkewe Theodosia. Wakasema habari zenu zimewagusa, wameomba kuja kuwaongezea nguvu, miaka mitatu kama ninyi, na wamekubaliwa. Shamba wamemwachia ndugu yao, mbuzi wamegawa. Nikacheka mdomoni, lakini tumboni nilikuwa panya aliyetumbukia kwenye debe la mahindi: kushiba ameshiba, kutoka hawezi. Nikisema, mimi mwongo na wewe aibu. Nikinyamaza, watu wanambeba mtoto wao Dorine wa miaka saba kwenda kuhudumia mia mbili niliowazaa mimi gereji.

Nikaanza kuikwepa jumuiya, nikasingizia malaria. Theodosia akaniletea uji. Nikaunywa, nifanyeje? Ulikuwa mtamu, na kila kijiko kilinichoma.

Ndipo ukaja ule ujumbe wako wa mwezi uliopita, ulioanza kwa kusema ni wangu peke yangu. Kwamba Careen hajatamka neno shuleni tangu Pasaka. Kwamba mnataka kurudi ila unaona haya, maana nani husindikizwa kwa ngoma akarudi kabla ya muda? Kwamba unasimama dirishani na kuhesabu miezi kumi na tisa iliyobaki.

Jumamosi iliyopita niliusoma wote, kama ulivyo. Nimevunja siri yako, Lidwina. Sikuomba ruhusa kwa sababu ungekataa.

Yohanes, mwenyekiti wetu, akauliza wale mia mbili basi wako wapi. Nikajipiga kifua nikamwambia wako humu. Nilijua nitatolewa nje. Lakini Theodosia aliniuliza:

"Careen hasemi na mtu yeyote?"

Nikamjibu kwamba nyumbani anasema, na mdoli wake, kwa Kingoni.

"Basi Dorine wangu ataanza na mdoli," akasema. "Kaka Pankrasi, ungetuambia mapema. Kwa hao mia mbili nilikuwa naenda kwa woga. Kwa mtoto mmoja najua la kufanya."

Jioni ile ile akaanza kumfumia Dorine kofia ya sufu.

Sasa ona nilichofanya. Nilitaka kukufungulia mlango, nimekuongezea kufuli. Wanakuja mwezi wa pili kwa ajili yenu. Utawaagaje wageni waliokufuata wewe? Mimi fundi, naijua sauti ya nati iliyokazwa kupita kiasi.

Mama nimemwambia yote. Akasema: "Mwambie ngoma iliyomsindikiza ndiyo itakayompokea. Haijapasuka."

Kwa hiyo chagua mwenyewe, wewe na Aidan. Mkitaka kuwasubiri, andika. Mkitaka kurudi, andika, na mbele ya jumuiya nitasimama mimi, aibu nimeshaizoea. Jibu lako nitalisoma kama lilivyo, hata likiwa neno moja.

Mama anawasalimu, Yohanes pia, ingawa mimi bado ananitazama kwa jicho la pembeni. Alfonsi na Theodosia wanawasalimu sana. Dorine anamuuliza Careen: mdoli anaitwa nani?

Mungu awashe moto ndani ya nyumba hiyo usizimike.

Kaka yako anayekupenda kuliko anavyojipenda, na unajua hilo si dogo,

Pankrasi