Bundi Upande wa Pili

Sanyuanli, Guangzhou

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Wewe na wanao hamjambo? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Mimi mzima, nakohoa tu kwa vumbi la vitambaa. Barua hii anakuletea mpangaji mwenzangu anayerudi Tanga, maana simu yako wanaichezea watoto, na haya si ya kusikiwa na watoto.

Ni habari za Salimu. Najua hutaki jina lake litajwe. Lakini mimi sijasahau: asubuhi ulimpikia chai, mchana akakutumia talaka kwa ujumbe wa simu, jioni masanduku yako yapo barazani. Miaka kumi na minne ya ndoa! Halafu anakuja huku Guangzhou kununua nguo na bado ananiita shemeji.

Tena ananiibia kazi. Kila mtindo ninaoshonesha Kangle, mtaa wa mafundi nguo, yeye huenda karakana ile ile, ananyoosha kidole kwenye gauni langu na kusema, “Kama hili.” Haulizi bei ya kitambaa, hageuzi kitu kuona nyuma yake.

Mwezi uliopita Neema, msichana wa Mbeya anayesomea historia chuoni hapa, alinionyesha picha za sarafu za fedha za Wagiriki wa kale. Hadithi zao wamezigonga humo: farasi mwenye mbawa, kijana aliyepanda pomboo, mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele. Nikaagiza sarafu za pomboo za kuning'iniza shingoni mwa magauni, zikapendwa sana. Kisha akanionyesha ya Athene. Mbele, uso mzuri wa mungu wao wa kike, na kofia ya vita. Nyuma, bundi kakodoa macho.

“Kwao bundi ni ndege wa hekima,” Neema akasema.

Nikacheka mpaka akaniuliza nina nini. Hekima! Kwetu akilia juu ya paa tunaanza kuwafikiria wagonjwa.

Nilikuwa nimeshasikia kwamba Salimu anaoa tena na anatafuta sare za wanawake wa harusini. Basi nikashonesha gauni moja tu, sarafu za bundi shingoni, zote zimelazwa uso wa mwanamke mbele, nikalitundika karakanani.

Hakukawia. Nilikuwepo. “Laoban!” akamwita mwenye karakana. “Kama hili, mia na ishirini, haraka!” Kisha akanigeukia. “Shemeji, huyu mwanamke ni nani?”

“Wa Wagiriki wa zamani, shemeji. Walimtukuza sana.”

“Zitafaa harusini?”

Hapo, dada, ningeweza kuigeuza sarafu moja kwa kidole, yakaisha.

“Zitapendeza,” nikamwambia.

Magauni yamekwisha kusafirishwa kwa ndege. Hataki yagawiwe kabla ya siku yenyewe, eti watu washangae. Watashangaa. Wanawake watayavaa, watacheza, na sarafu zitageuka. Nataka kila shangazi yake aliyekucheka apige kelele. Nataka ukumbi ubaki mtupu na biriani lipoe. Bibi harusi hana kosa, najua, na hilo linanikereketa kidogo. Kidogo tu.

Uliniambia nimwachie Mungu. Nimejaribu, nimeshindwa.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya mguu imo kwenye mfuko anaokuletea huyo mgeni. Nisalimie mjomba fundi saa, na wifi yetu mke wa kaka, mpe pole ya uzazi. Wanao wabusu wote wawili.

Harusi ni Ijumaa ijayo, na namba ya Salimu unayo. Ukitaka kumwonya, mwonye, sitakukasirikia. Ila kabla hujapiga, jiulize wewe alikuonya lini.

Mdogo wako,
Zuhura