Mguu Usioachia Breki

Jumatatu, 9 Februari 1976

Wajerumani wamenichukua! Kuanzia leo niko juu ya ziwa lililoganda kuwajaribia magari yao mpaka barafu itakapoanza kulainika. Miaka ishirini na miwili nimepeleka barua kwa gari la posta kwenye barabara za huku kaskazini, ndiyo maana wamenitaka. Injinia wao, Bwana Oellers, mwembamba, pua nyekundu kwa baridi, alifungua buti la gari akanionyesha kisanduku cha elektroniki kilichojaa nyaya. Kinapima mzunguko wa kila gurudumu. Gurudumu likitaka kujifunga na kuteleza, kinalegeza breki na kuikaza tena, mara nyingi kwa sekunde moja.

"Wewe Bi Torborg kanyaga mpaka mwisho, usiachie. Mengine tuachie sisi."

Jioni nikamsimulia Mama. Akaendelea kufuma soksi yake. Halafu akauliza, kisanduku hicho kingekuwepo siku ile nilipoteleza naye kwenye mteremko wa kanisa, nyonga yake isingevunjika?

Miaka mitano hajapanda gari langu. Kanisani anakwenda na sleji yake, kile kiti cha kuteleza thelujini kinachosukumwa kwa mguu, anaiegemea hivyo hivyo na nyonga yake mbovu, nami nampita na gari tupu, kijiji kizima kinatazama. Nataka arudi kwenye kiti cha mbele. Hicho tu!

Jumatano, 11 Februari

Aibu tupu. Kilomita sitini kwa saa, breki, mapipa mbele — nimegonga mapipa manne. Mashine ikachora mistari yake kwenye karatasi, Oellers akaisoma, akakunja uso. Akataka kujua nani anayepampu breki, kisanduku au mimi.

Mimi! Mguu wangu. Kanyaga, achia, kanyaga, achia. Hivyo ndivyo Baba alivyonifundisha, na hivyo ndivyo kila mtu hapa anavyosimamisha gari wakati wa baridi. Ukikanyaga ukashikilia kwenye barafu, umekwisha.

Verner, yule anayetoboa barafu kila asubuhi kupima unene wake, alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Ati Wajerumani wamehangaika kutafuta bingwa wa barafu, kumbe wangemchukua bibi yeyote wa mjini asiyejua kitu. Shauri yake.

Ijumaa, 13 Februari

Bado. Nikikanyaga, pedali inatetemeka chini ya kiatu, inanguruma grr-grr — basi naachia. Kila mara nahisi nimevunja kitu cha watu. Alhamisi wakubwa wa kiwanda wanakuja kutazama. Oellers kasema nikiwa bado, itabidi aendeshe mtu mwingine. Alisema kwa upole. Hapo ndipo iliponiuma.

Jumamosi, 14 Februari

Theluji kutwa. Mguu, mguu, mguu.

Jumapili, 15 Februari

Mama kaniuliza mbona napiga sakafu mezani. Kweli! Mguu wa kulia unapampu huku nakula. Nikamweleza mkasa mzima.

Akaweka kijiko chini. Akasema siku ile mteremkoni macho yake yalikuwa kwenye mguu wangu muda wote. Ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka, kama wa mtu anayeshona kwa cherehani. Akajua nimechanganyikiwa, breki siijui ni ipi!

Nilipigwa na butwaa. Miaka mitano nilidhani ananilaumu kwa mwendo wa kasi. Nikamwambia, Mama, ndivyo inavyofanywa, hata Baba alifanya hivyo hivyo.

"Baba yako sikuwahi kumtazama miguu," akasema.

Tukacheka. Kidogo tu, lakini tulicheka. Sijui kama ameniamini.

Jumanne, 17 Februari

Nimeweza!!! Nilivua viatu, nikaendesha na soksi za Mama tu. Oellers akaguna, nikamwambia anyamaze kwanza. Nikakanyaga — na safari hii nikausikia ule mtetemo vizuri, pigo kwa pigo, kwenye nyayo. Lo! Kumbe kinapampu! Kinafanya kile kile nilichofundishwa na Baba, ila haraka kuliko mguu wa binadamu yeyote. Sasa mimi nashindana nacho kwa nini? Nikashikilia. Gari likasimama, pipa la kwanza liko hatua tatu mbele.

Mara ya pili nikakata kona huku nimekanyaga mpaka mwisho. Gari likanitii! Nililia kama mtoto. Oellers akajifanya anafuta miwani. Roho imenitulia kabisa.

Alhamisi, 19 Februari

Wakubwa walikuja na kofia mpya za manyoya. Mizunguko kumi na miwili, sikugusa pipa hata moja. Mmoja wao aliomba apande na mimi, akashuka mweupe pe, anacheka.

Na Mama alikuja! Sikumwita. Alisimama ufuoni na sleji yake na themosi, akatazama mpaka mwisho. Halafu akaja nilipoegesha gari langu la zamani. "Nipeleke nyumbani," akasema. Hivyo tu. Verner akaifunga sleji juu ya gari, safari hii bila utani. Mama akafunga mkanda. Nikaondoa gari polepole, kwa uangalifu kuliko mbele ya wakubwa wote wale.

Baadaye, saa tisa alasiri

Naandika ndani ya gari. Tuko kwenye tuta la theluji chini ya mteremko wa kanisa. Wazima! Wote wawili wazima, hata mchubuko hatuna. Mchungaji amepita, ameenda kumwita Verner aje na trekta.

Mjinga mimi! Nilikanyaga breki mpaka mwisho nikashikilia, kama nilivyojifunza. Kwenye gari langu mwenyewe, lisilo na kisanduku chochote! Magurudumu yakajifunga, nikizungusha usukani haunisikii, tukaserereka taratibu, puu, thelujini mpaka kwenye taa za mbele za gari. Nikaganda. Sikuthubutu kumtazama.

Mama alirekebisha kofia. Akajipapasa nyonga. Akauliza, hili halina kile kisanduku?

Halina, Mama.

"Leo nimekutazama mguu. Haukucheza hata kidogo. Umekanyaga kweli kweli."

Ndiyo, Mama.

"Na tumeteleza vilevile." Akafikiri. "Basi hata siku ile haukuwa mguu wako."

Mungu nisamehe, leo ndiyo ulikuwa mguu wangu! Nimefungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nitamwambia. Kesho labda.

Nyumba yetu inaonekana kutoka hapa, haifiki hatua mia. Nimemwambia nimshushie sleji yake atangulie, asipatwe na baridi. Ananimiminia kahawa. Trekta naisikia kule juu, inaanza kuteremka. Mkanda wake bado ameufunga.