Alama Niliyoiweka Kabla ya Kura

Ofisi ya Taarifa Rasmi za Bunge,
Chumba Na. 14.
Jumatano, 12 Machi, saa mbili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mumeo na wadogo zangu wawili. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukipanda ngazi za wodini, nikakuambia upunguze zamu, ukanicheka. Bado nasema upunguze. Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo asubuhi, lakini anakula, na anayekula si mgonjwa, ndivyo anavyotuambia. Mama amesogeza cherehani yake dirishani kwa sababu ya macho, na sasa kila mpita njia anasimama kumsalimia, kwa hiyo nguo za watu hazishonwi.

Utashangaa kuona nimekuandikia kwa mkono kama watu wa zamani. Ningepiga simu, lakini kila nikimtaja baba mdogo unakata. Mara ya tatu ulikata hata sijalimaliza jina. Barua hii nampa yule mkunga mwenzako anayerudi huko Ijumaa. Nakuomba uisome hadi mwisho hata kama utakasirika katikati, na utakasirika.

Nimeianza mara nne tangu nifike kazini. Nimeosha vikombe vyote vya ofisi, hata visivyo vyangu. Nimechonga penseli sita, na sihitaji hata moja.

Nakumbuka ulichoandika kwenye kundi la familia siku ile kura ya baba mdogo bungeni ilipotangazwa. Uliandika, "Mimi nina kaka mmoja tu," kisha ukajitoa. Baba alisoma akavua miwani, akatoka nje. Watu kumi na tisa waliusoma ujumbe ule na hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa mmoja wao, na mimi ndiye niliyepaswa kujibu.

Ulikuwa na haki ya kuudhika. Chuo kile cha wakunga ndicho kilichokupa kazi unayolea nayo watoto, na baba mdogo alisimama pale kwenye geti la chuo, mbele ya wanafunzi na redio, akasema muswada wa kufunga vyuo vidogo atausemea Hapana, na akisema vinginevyo wasimchague tena. Wewe ulisikiliza kutoka huko, ukanitumia ujumbe ukiuliza, "Huyu ni kitindamimba wetu kweli, au wamembadilisha?" Tukacheka wote.

Tulicheka kwa sababu rekodi yake tunaijua. Kura arobaini na moja, Ndiyo arobaini na moja. Ada ya maji ilipandishwa kwa Ndiyo yake na mwaka uliofuata ikashushwa kwa Ndiyo yake. Kwenye redio husema anasikiliza pande zote, na nadhani anasikiliza kweli, ila akifika ukumbini anasimama na wenzake wa chama na kukaa nao. Hata Baba humwita Bwana Sawa, naye hajawahi kukasirika.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana sijawahi kukueleza vizuri. Kwenye kura ya majina, Katibu anaita mbunge mmoja mmoja, mbunge anasimama na kusema Ndiyo, Hapana, au Sina upande. Mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani tunaketi mbele ya meza ya Katibu, kila mmoja na karatasi yake, tunaweka alama. Majina ni mia mbili na kumi na nne, na Katibu wetu husoma kama mtu anayefukuzwa. Ukichelewa jina moja umechelewa matano.

Kwa hiyo nina desturi yangu. Sikufundishwa na mtu, niliianza mwenyewe mwaka wa kwanza nilipokuwa nachelewa na kusemwa. Asubuhi kabla ya kikao, nikinywa chai, naweka alama kwa penseli kwa wale wasiobadilika. Fulani siku zote Ndiyo, fulani siku zote Hapana. Wakija kuitwa, napitisha wino juu. Akitokea mmoja kwenda kinyume, nafuta haraka. Kwa miaka sita hakuna aliyenikamata, nami nilikuwa najiona mjanja. Mazoea yana taabu, Shangazi.

Asubuhi ya kura ile nilimwekea baba mdogo Ndiyo.

Niliiweka nikijua alichosema getini. Nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu. Sikuweka kwa kusahau, niliweka kwa sababu sikumwamini, na sikufikiria hata dakika moja.

Jina lake lilipoitwa, nilikuwa bado nahangaika na aliyemtangulia, yule mzee wa maelezo marefu ambaye husema Hapana kwa dakika mbili. Nilisikia upande wa baba mdogo wanapiga meza. Nilidhani wanashangilia, kumbe walikuwa wanazomea. Nikapitisha wino juu ya penseli na kuendelea. Miwani naye, ambaye kazi yake ni kuwa shahidi wangu, hunakili kwangu kila anapoachwa nyuma, na siku hiyo aliachwa. Karatasi zetu zikakubaliana. Kura yake ikatangazwa, ikachapishwa gazetini: amesema Ndiyo.

Muswada ulipita kwa tofauti ya kura kumi na moja, kwa hiyo kura yake isingekiokoa chuo. Ingemwokoa yeye tu asiitwe mwongo.

Saa sita na nusu.

Samahani, nimetoka na kurudi. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa mkuu wa kitengo, nikabisha, akasema ingia, nikaingia nikaomba bando la karatasi. Nina mabando matatu chini ya meza yangu. Sasa ni manne.

Niliisikiliza sauti ya kikao siku mbili baada ya kura, wakati gazeti lilikuwa limeshatoka. Sikujua kwa nini naisikiliza. Nilivaa visikilizi vya masikioni na kurudisha nyuma mara saba. Chini ya kelele za meza yupo, sauti yake ileile ya kuita watoto waje kula. Amesema Hapana, na kwa kuwa wanazomea amesema tena, Hapana. Mara mbili, Shangazi. Mtu ambaye hajawahi kulisema hata mara moja.

Nilipaswa kunyanyuka saa ile ile. Sikunyanyuka. Nilijiambia atalalamika mwenyewe, maana sheria yetu inamruhusu mbunge kuomba sauti isikilizwe ndani ya siku saba za vikao. Nilijiambia akiomba wataona kosa, watasema ni la bahati mbaya, yataisha. Nikamngojea mtu mwingine aje kufanya kazi yangu.

Alikuja siku ya tatu. Alikuja hapa ofisini, peke yake, na nadhani alikuja kuomba hiyo sauti, kwa sababu alikuwa ameshika fomu. Saa nne kulikuwa na kura nyingine, na karatasi ya kura hiyo ilikuwa mezani kwangu, imeshajazwa penseli nusu nzima. Akainama kuniuliza habari za kikohozi cha Baba, akaiona. Akatafuta jina lake kwa kidole, taratibu, mpaka akalifikia.

"Mwanangu," akasema, "hii kura ya saa nne, nimekwisha kuipiga?"

Aliniangalia, si kwa hasira, ningefurahi kama ingekuwa hasira. Kisha akakunja ile fomu mara mbili, akaitia mfukoni.

"Basi sawa," akasema. Akaomba maji, akanywa amesimama, hata hakukaa, akaenda zake.

Tangu siku hiyo hajaomba chochote. Waandishi wakimuuliza anasema, "Nilisema nilichosema. Kama hakikusikika, kosa ni la koo langu." Nawe unajua watu. Wanamletea tangawizi kwa dhihaka. Kinyozi wake alimuuliza mbele ya wateja, "Mheshimiwa, ndevu tuziondoe, Ndiyo au Hapana?" Mkuu wa kile chuo amemrudishia vitabu alivyowachangia, kwenye boksi lilelile, hata kamba haijabadilishwa. Ukuta wake umeandikwa kwa mkaa, na anausugua mwenyewe asubuhi kabla watoto hawajaenda shule. Nasikia na chama chake kimekasirika pia, kwa sababu wao waliokaa karibu naye walimsikia vizuri. Wanaojua ukweli wamenyamaza kwa sababu uongo unawafaa. Na mimi nimenyamaza kwa sababu ya mshahara.

Ananilinda, Shangazi. Akiomba sauti isikilizwe, mimi natoka kazini. Ndiyo maana anameza matusi yenu, na matusi yako ndiyo makubwa kuliko yote. Mke wake ameniambia hamezi chakula vizuri tangu ulipojitoa kwenye kundi. Anafungua simu, anaangalia kama umerudi, anafunga.

Siku ya saba ya kikao ni leo. Mwisho saa kumi alasiri. Baada ya hapo karatasi zinakwenda kufungwa kuwa kitabu, na kitabu hakifunguliwi tena. Mtoto wa mjukuu wake atakisoma aone Ndiyo. Mwandishi wa kumbukumbu kama mimi naye anaweza kuomba masahihisho, fomu ipo. Ina mstari mmoja tu mgumu, unaosema: Eleza kosa lilivyotokea. Nimeujaza na kuurarua mara tatu. Mara ya kwanza niliandika "kelele ukumbini". Mara ya pili "uchovu". Ya tatu ilikuwa ndefu na ilikuwa na sababu nyingi nzuri, zote uongo.

Wewe ni mkunga, methali ya mficha uchi hazai unaijua kuliko sisi sote. Nimekaa nayo tangu asubuhi.

Saa tisa na dakika hamsini.

Nimeipeleka. Niliandika hivi: "Alama iliwekwa kabla mbunge hajaitwa." Maneno matano, hakuna zaidi. Mkuu wa kitengo aliyasoma, akaniambia nikae, akayasoma tena. Akauliza kama Miwani anajua. Nikasema hajui, alinakili tu. Akauliza ni mara ngapi nimefanya hivyo. Nikasema miaka sita. Hapo alifunga mlango.

Kesho asubuhi sauti itasikilizwa mbele ya Katibu, baba mdogo ataitwa awepo, na rekodi itasahihishwa. Mimi nimeambiwa niende nyumbani mpaka nitakapoitwa, na kwa sauti aliyoniambia nayo, sidhani kama nitaitwa. Hapa ninapoandika naona watu wanapita mlangoni polepole kuliko kawaida. Baba sijamwambia. Nitamwambia akishakula.

Shangazi, najua utataka kunipigia, na utakuwa na maneno, nami nitayasikiliza yote bila kukata. Lakini usinipigie mimi kwanza. Wala usimwombe anisamehe, msamaha wangu nitauomba mwenyewe. Wewe omba wako. Sisi sote tuliokuwa tunacheka tuna wa kuomba, ila mimi na wewe tuna mkubwa zaidi, kwa sababu wewe alikusemea na mimi nilimfuta.

Nisalimie sana mumeo, na yule mdogo mwambie picha yake ya meno yaliyong'oka ipo kwenye friji. Mkubwa mwambie ajibu ujumbe wa dada yake. Baba na Mama wanakusalimu, na Mama anauliza vipimo vya lile gauni, kiuno umepunguza au umeongeza, usimdanganye. Mungu akulinde kazini na njiani, akupunguzie ngazi, na kila mtoto unayempokea huko alie kwa nguvu.

Baba mdogo hakunituma salamu, hajui hata kama nakuandikia. Ila nikitoka hapa napitia kwake, na nitamwambia dada yake anamsalimia. Nitalisema hilo kabla wewe hujalisema. Nakuomba, Shangazi, ukishaisoma barua hii ulifanye liwe kweli.

Ni mimi, nikupendaye na niliyekukosea,
Binti wa kaka yako mkubwa.