Hiyo "Nge" Yako

Nyumbani, ghorofa ya pili
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa Kitindamimba,

Salamu nyingi. U hali gani? Wifi yangu na mapacha hawajambo? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku wazima, ila jicho la Mama, na sasa wewe ndiwe unayelichelewesha.

Mdogo wangu, nimekasirika na sifichi. Juzi ulimwambia Mama kwenye simu, "Ningekuja kwenye upasuaji wako," ukaishia hapo. Mama akangoja umalizie. Simu ilipokatika akaniuliza, "Angekuja, lakini nini?" Unajua aliapa kwamba jicho lake haliguswi mpaka watoto wake wote wawe mlangoni. Kesho yake akamwambia daktari nafasi yake apewe mwingine. Nilimbembeleza daktari, akakubali kuishikilia hadi Ijumaa.

Nilipokugombeza ukaniandikia somo la Kijerumani. Ati huko Ujerumani kitenzi hubadilishwa umbo kwa adabu, hata kahawa mtu huiomba kwa "ningekunywa", kama vile hataipata. Ati ukalimani umekuzoesha, ulimi umeganda hapo, na maana yako ilikuwa unataka sana kuja.

Adabu gani hiyo ya kumliza mzazi? Kwetu "nge" ni ya mambo yasiyokuwepo. Ningeolewa na tajiri, nisingekuwa nakaanga vitunguu huku nakuandikia. Wahenga walisema ningalijua huja nyuma. Hawakusema hukata tiketi.

Tena ukaniongezea kwamba Wajerumani wana umbo jingine, la kusimulia maneno ya mtu bila kuyadhamini. Hilo tunalo, linaitwa "eti". Mama amekwisha kuyaunganisha yote mawili. Fundi viatu wa hapo chini akimwuliza habari zako, humjibu, "Eti angekuja." Naona aibu mpaka napita mlango wa nyuma.

Mkalimani mzima, unawapatanisha watu baki kutwa, mama yako mwenyewe unamwacha njia panda. Inaniuma.

Msalimie wifi, wabusu mapacha. Shangazi anakusalimu, naye amenuna. Mungu akulinde na akufungue ulimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikifura.

Nyongeza: Nimemsomea Mama barua hii. Amecheka kidogo penye kahawa, kisha akauliza maneno yote haya ya nini. Akasema, "Mwambie aje."